Atomu imechorwa mara ngapi? Niliyoongea na wanafunzi siku ya sayansi

Mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, shikamooni. Na nyie wanafunzi mambo vipi, najua mmekaa kwenye hivyo viti vya plastiki tangu saa tatu na jua ndo hilo, nitajitahidi nisiwachoshe.

Wiki iliyopita nilikua nasahihisha madaftari ya fomu tuu, nikakuta kitu kimenikaa kichwani mpaka leo. Mwanafunzi mmoja ukurasa wa kushoto kaandika "atomu ni chembe ndogo kabisa ya maada isiyoweza kugawanyika", akaipigia mstari kwa wino mwekundu. Ukurasa wa kulia, tarehe ileile, kachora atomu yenye protoni, nyutroni na elektroni. Yani haigawanyiki, na hapohapo ina vipande vya aina tatu. Na pembeni kabisa, kwa penseli, maandishi madogo kama vile hakutaka niyaone, kaandika: "sasa ipi ni kweli?" Lile swali nililiwekea tiki kubwa kuliko niliyoweka kwenye mchoro, na nikaamua hotuba yangu ya leo ndo hiyo.

Maana sisi walimu tunawapa haya mambo kwa mkupuo mmoja, kana kwamba mtu mmoja aliamka siku moja akayajua yote. Haikua hivyo. Kila mchoro mnaonakili ubaoni ulikua jibu la mtu fulani kwa kitu alichokiona, kwenye chumba fulani, mwaka fulani, na mchoro uliofuata ulikuja kwasababu mwingine aliona kitu ambacho ule wa kwanza haukuweza kukieleza. Mi nataka mjue nani aliona nini. Ukishajua hilo, mchoro wenyewe unakuja tu.

Naanza na TV. Nilipokua darasa la tano nyumbani kwa baba mdogo kulikua na TV ya chogo, zile zenye mgongo mrefu, wadogo zangu wengi mtakua mmeziona kwa bibi tu. Nami nilikua nimeokota spika mbovu nikaing'oa sumaku yake, nikawa natembea nayo nyumba nzima kuona inanasa nini, misumari, vizibo vya soda, bawaba za mlango. Jioni moja taarifa ya habari inaendelea, nikaisogeza sumaku kwenye kioo cha TV. Uso wa msomaji ukavutika upande mmoja kama unga wa chapati ukivutwa, rangi zikageuka zambarau na kijani, nikashtuka nikautoa mkono. Uso ukarudi mahali pake ila doa la kijani likabaki kwenye kona, likakaa siku kadhaa, na kila jioni baba mdogo alikua analiangalia lile doa kwanza ndo aangalie habari. Hakunipiga. Aliniuliza tu, kwani ndani ya kioo kuna nini hata sumaku ikivute? Sikua na jibu. Nilikuja kulipata fomu sikisi, na jibu lake ndo moyo wa ninayotaka kuwaambia leo, kwahiyo ishikeni hiyo sumaku, tutairudia.

Hilo neno "haigawanyiki" limetoka mbali sana. Karne ya tano kabla ya Kristo huko Ugiriki alikuwepo Leucippus na mwanafunzi wake Democritus wa mji wa Abdera, wakasema ukiendelea kukata kitu, kata, kata, utafika mahali hapakatiki tena, na hicho kilichobaki wakakiita atomos, maana yake kisichokatika. India nako wanafalsafa wa Vaisheshika walikua na wazo linalofanana na hilo, na baadaye wanazuoni wa Kiislamu wa Basra na Baghdad walibishana sana kuhusu sehemu ya mwisho isiyogawanyika. Yote yalikua mawazo mazuri ila hamna aliyepima kitu, na Aristotle alipolikataa wazo la Democritus akasema vitu ni udongo, maji, hewa na moto, watu wa kule walimfuata yeye kwa karibu miaka elfu mbili. Hakua na ushahidi zaidi ya Democritus, alikua na jina kubwa tu.

Aliyeleta vipimo ni mwalimu mwenzetu. John Dalton, mtoto wa mfumaji nguo, alianza kufundisha akiwa na miaka 12, baadaye akahamia Manchester kule Uingereza. Kuanzia 1803 alikua anakaa na namba za uzito wa gesi akaona kitu cha ajabu. Kaboni ikiungana na oksijeni inatoa gesi mbili tofauti, na kwa kiasi kilekile cha kaboni, gesi ya pili ina oksijeni mara mbili kamili ya ile ya kwanza. Siyo mara moja na robo, siyo mara moja na nusu. Mara mbili. Sasa fikirieni mmesimama nje ya duka, kila mteja anayetoka kabeba soda moja, au mbili, au tatu, na hamna hata mmoja anayetoka na soda moja na robo. Bila kuingia ndani mnajua kwamba mule soda haimiminwi, inauzwa kwa chupa. Dalton hakuwahi kuiona chupa yenyewe, alihesabu wateja. Akasema kila elementi ina atomu zake, zenye uzito wake, na kitabu chake cha 1808 kikaieneza hiyo habari. Alikosea pia, alidhani maji ni haidrojeni moja na oksijeni moja, lakini namna yake ya kuuliza ilikua sahihi, na ndo maana mpaka leo mnabalansi milinganyo kwa namba kamili.

Kwahiyo yule mwanafunzi wangu, ukurasa wako wa kushoto ni Dalton. Umemnakili Dalton wa 1808.

Na msidhani watu walimkubali kirahisi. Mpaka karibu 1900 walikuwepo wanasayansi wakubwa kabisa, kama Ernst Mach wa Vienna, waliosema atomu ni kitu cha kurahisisha hesabu tu, nani kaiona? Kilichowamaliza ni punje zinazochezacheza kwenye maji. Robert Brown alikua ameziona kwenye darubini 1827, punje zilizotoka kwenye chavua hazitulii hata kidogo. Mwaka 1905 Einstein akatoa hesabu inayosema kama kweli maji ni chembechembe zinazogonga hizo punje, basi punje zitasogea kiasi hiki kwa muda huu, na Jean Perrin kule Paris akakaa na darubini akapima, ikawa hivyohivyo. Ubishi karibu wote ukaisha.

Ajabu ni kwamba wakati wengine wanabishana kama atomu ipo, Cambridge kulikua na mtu tayari ameshaivunja. J. J. Thomson, 1897. Alikua na chupa ndefu ya kioo imenyonywa hewa, ukipitisha umeme mwingi ndani yake unatokea mwale unaoenda kugonga mwisho wa kioo na kuacha doa linalong'aa. Watu walishauona huo mwale zamani, ubishi ulikua ni kitu gani, ni aina ya mwanga au ni chembe? Thomson akausogezea sumaku, doa likahama. Akauweka katikati ya vibati viwili vyenye umeme, doa likahama tena, wakati Heinrich Hertz alijaribu miaka ya nyuma akashindwa kwasababu chupa yake ilibaki na hewa nyingi. Hapa niseme jina ambalo halipo kwenye madaftari yenu: Ebenezer Everett. Huyu ndo fundi aliyepuliza vile vioo, maana Thomson mwenyewe mikono yake haikua mizuri kwa kazi za vifaa. Bila chupa nzuri ya Everett, hamna elektroni.

Halafu Thomson akabadilisha chuma ndani ya chupa, akabadilisha gesi, na kila akipima namba inatoka ileile. Yani chembe hii ipo ndani ya kila kitu, na ni nyepesi mno, leo tunajua ni kama sehemu 1 ya 1,836 ya atomu ya haidrojeni. Isiyokatika imekatika.

Na ndo jibu la baba mdogo hilo. Chogo la TV ni chupa ya Thomson. Kule nyuma kuna waya wa moto unaotoa elektroni, zinakimbia kuja kugonga kioo, penye kugongwa panang'aa, na mtoto mwenye sumaku ya spika akisogea zinapinda njia. Nilikua nimerudia jaribio la 1897 sebuleni bila kujua.

Thomson sasa ikabidi achore. Kama ndani kuna elektroni zenye chaji hasi, na atomu nzima haina chaji, lazima kuna chanya mahali. Akasema chanya imetandazwa atomu nzima na elektroni zimechomekwa humo. Kule kwao wanailinganisha na keki ya zabibu kavu, mi darasani natumia kashata ya karanga, sukari ndo chanya, karanga ndo elektroni. Msimcheke Thomson kwa kashata yake, kwa alichokua anakijua ulikua mchoro mzuri kabisa.

Aliyeipiga chini kashata ni mwanafunzi wake mwenyewe. Ernest Rutherford, mtoto wa shambani New Zealand, alizaliwa 1871, akapata ufadhili akaja kwa Thomson, na kufika 1907 alikua profesa Manchester. Alikua na msaidizi Mjerumani, Hans Geiger, na kijana wa miaka 20 ambaye hata digrii alikua hajamaliza, Ernest Marsden. Rutherford akasema huyu kijana apewe kazi, aangalie kama chembe za alfa, chembe zenye chaji chanya, hizi zinatoka kwenye radiamu na zinakimbia zaidi ya kilomita 15,000 kwa sekunde, kuna yoyote inayorudi nyuma ikipigwa kwenye bati. Hakutegemea kuona kitu. Ilikua kazi ya kumzoesha kijana.

Nataka muione hiyo kazi ilivyokua. Hamna kompyuta, hamna mashine ya kuhesabu. Unaingia chumba cha giza totoro, unakaa humo muda mrefu kwanza mpaka macho yazoee giza, halafu unaweka jicho kwenye darubini ndogo inayotazama kibao kilichopakwa zinki salfaidi. Kila chembe moja ikigonga kibao panamulika nukta hafifu sana, tiki, imeisha. Unahesabu. Moja. Kimya. Mbili, tatu. Jicho likichoka unapumzika, maana ukipepesa tu imekupita. Mbele kuna karatasi ya dhahabu nyembamba isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kama atomu ni kashata, alfa zote zipite moja kwa moja, labda zipinde kidogo. Nyingi zilipita. Ila kama moja hivi kati ya 20,000 ilipinda pembe ya digrii 90, na zipo zilizorudi kulekule zilikotoka.

Moja kati ya elfu ishirini! Wadogo zangu, mngekua nyie mngeandika? Nawauliza kweli. Mtu umeshahesabu usiku mzima, profesa wako mwenyewe haitegemei, wengi tungesema hilo ni kosa la macho tukalifuta. Marsden aliandika alichokiona, akaenda akakisema. Rutherford alisimulia baadaye kwamba ilikua kama umefyatua kombora la mzinga kwenye karatasi ya shashi likakurudia wewe. Na yeye naye hakukurupuka, jaribio ni la 1909 na jibu lilitoka 1911, alikaa nalo karibu miaka miwili mpaka siku alipoingia kwa Geiger uso umekunjuka akamwambia sasa najua atomu ikoje: karibu uzito wote umekaa kwenye kiini kidogo mno katikati, na kwingine kote ni uwazi.

Uwazi kiasi gani? Mnaujua uwanja wa Mkapa pale Dar. Chukua atomu moja ya dhahabu uikuze mpaka ienee uwanja wote na majukwaa yake, kile kiini utakikuta pale kwenye duara la katikati, kina ukubwa kama punje ya mbaazi. Karibu uzito wote wa uwanja uko kwenye hiyo mbaazi. Hili hunijia hata nikigonga meza kwa ngumi, kwamba vinavyogongana hapa ni uwanja mtupu na uwanja mtupu, na kinachonizuia nisipite ni nguvu za umeme za elektroni zinazokataana, pamoja na kanuni zao za kutokaa mbili pamoja katika hali moja.

Lakini mchoro wa Rutherford nao ulikua na kidonda. Kwa sheria za umeme zilizojulikana, elektroni inayozunguka kiini inatakiwa itoe mwanga, ipoteze nguvu, na itumbukie ndani kabla hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde haijaisha. Dunia isingekuwepo. Niels Bohr, kijana wa Denmark aliyefanya kazi kwa Rutherford, 1913 akasema elektroni zina ngazi zake, inakaa ngazi hii au ile, katikati haikai, na ikishuka inatoa mwanga wa rangi maalumu. Kina mama mnajua, chumvi ikidondokea kwenye moto wa gesi unageuka njano papo hapo? Hiyo ni sodiamu, elektroni inashuka ngazi. Kwa haidrojeni hesabu ya Bohr ilikubali vizuri mno, kwa heliamu ikagoma. Hii miduara mnayochora mpaka leo, 2 kisha 8, ndo ya Bohr, na mi nasikitika kwamba wengi tunawaacha hapohapo, 1913, mnaondoka shuleni mkiamini elektroni ni vimpira vinavyozunguka.

Mwaka huohuo kulikua na kijana Henry Moseley, alipima miale ya eksirei ya elementi moja baada ya nyingine akaonyesha kwamba namba ya atomu siyo nafasi tu kwenye jedwali, ni chaji ya kiini chenyewe. Miaka miwili baadaye alikufa vitani Gallipoli, tarehe 10 Agosti 1915, ana miaka 27. Kila nikifundisha jedwali la elementi namtaja, naona ni deni.

Sasa elektroni yenyewe. Thomson alipata Nobel 1906 kwa kazi yake iliyoonyesha elektroni ni chembe. Louis de Broglie wa Ufaransa 1924 akasema huenda chembe nazo zina tabia ya wimbi. Mwaka 1927 huko Aberdeen mtu akapitisha elektroni kwenye karatasi nyembamba ya metali akapata miduara kama ya mawimbi yanapokutana, na wenzake Davisson na Germer kule Marekani wakapata jibu hilohilo. Huyo wa Aberdeen alikua George Thomson. Mtoto wa J. J. Thomson, wa kumzaa! Akapewa Nobel 1937, na mzee wake alikua bado hai. Baba kaonyesha ni chembe, mtoto kaonyesha ni wimbi, na wote wawili wako sahihi. Ndo maana Schrödinger, Heisenberg na Max Born walipomaliza kazi yao katikati ya miaka ya 1920, miduara ya Bohr ilibaki kumbukumbu. Elektroni haina njia ya kuchorwa, ina wingu linalosema wapi kuna uwezekano mkubwa wa kuikuta.

Nyutroni ilichelewa, 1932, kwa James Chadwick. Huyu alikua Berlin anasoma kwa yuleyule Geiger vita ilipoanza 1914, akafungwa kambini Ruhleben, kiwanja cha mbio za farasi, wakalazwa kwenye mabanda ya farasi. Na humohumo akafanya majaribio, akitumia dawa ya meno ya Kijerumani iliyokua na thoriamu, elementi inayotoa miale, ndani yake. Mnaoniambia maabara yetu haina vifaa, nawasikia na nitaendelea kuwapigania, ila mkumbukeni na huyu.

Nyutroni haina chaji, kwahiyo kiini hakiisukumi, inaingia. Ndivyo Otto Hahn na Fritz Strassmann wa Berlin walivyopiga urani, elementi nzito sana, kwa nyutroni Desemba 1938 wakakuta bariamu, elementi yenye uzito kama nusu tu. Hawakuelewa. Hahn akamwandikia barua Lise Meitner, mwenzake wa kazi kwa miaka 30, ambaye alikua amekimbilia Sweden miezi michache nyuma kwasababu ya asili yake ya Kiyahudi. Mama huyu alikua na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, kwetu sisi angemwita mama mdogo, wakatoka kutembea kwenye theluji, wakakaa juu ya gogo, wakatoa vipande vya karatasi wakaanza kupiga hesabu palepale: kiini kimegawanyika vipande viwili, na kikigawanyika hivyo kinatoa nguvu nyingi mno, ndo nguvu ya bomu la atomu. Nobel ya kemia ya 1944 akapewa Hahn peke yake. Hilo halikua haki, na nalisema kila mwaka mbele ya wasichana wa darasa langu.

Na hapa ndo habari hii inapofika kwetu. Urani nyingi iliyotengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, kwenye ardhi ambayo watu wake wanaongea Kiswahili kama sisi. Mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi, Edgar Sengier, alishasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York mwaka 1940, yakawekwa ghalani Staten Island, na 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Yalikua na urani nyingi kuliko mawe ya mahali pengine popote walipotafuta. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani likaangushwa Hiroshima. Majina ya Sengier na majenerali yapo vitabuni. Majina ya waliobeba yale mawe kwa mikono na magunia, wakiyavuta vumbi lake, hayapo. Nimefundisha fizikia miaka mingi kabla sijajua hilo, na liliniuma, maana nilikua nawaambia wanafunzi atomu ni habari ya Ulaya.

Kiini nacho hakikuishia kwenye protoni, zile chembe chanya zilizomo ndani yake. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, wakasema protoni ina vitu vidogo zaidi, kwaki, na mwishoni mwa miaka ya 60 kule California wakaipiga protoni kwa elektroni za kasi kubwa, baadhi zikapinda vibaya kuliko ilivyotegemewa. Mchezo wa Marsden uleule, rusha halafu hesabu zinazopinda. Kwaki yenyewe hamna aliyeona ina kitu ndani, mpaka sasa.

Mkuu wa shule ananionyesha saa, namaliza. Pale maabara nimeleta TV ya chogo, ya nyeusi na nyeupe, hii haiachi doa kwasababu ndani haina kile kibati cha matundu cha TV za rangi ambacho sumaku inakiharibu. Sumaku ya spika ipo mezani. Mapazia yamefungwa, mkiingia subirini macho yazoee giza kwanza, na muingie watano watano, fomu tuu waanze. Yule mwenye swali la penseli namuomba awe wa kwanza.